Kifungua Mlango

"Mzee Shekuwe, benki itakupa kifungua mlango," alisema Subira, karani wa mikopo ya nyumba.

Shekuwe, fundi saa, alicheka hadi miwani ikamteleza. "Binti, kifungua mlango hutoa bwana harusi, ndipo wanawake wamfungulie chumba cha bibi harusi. Nimewalipia ndugu zangu wanne. Mimi sijapewa hata siku moja!"

"Basi utapewa. Laki sita, ukishakabidhiwa ufunguo. Ila si bure, mzee wangu. Riba yako itakuwa juu kidogo mpaka mwisho wa mkopo, na ukiuza nyumba kabla ya miaka mitano, unazirudisha zote."

Kicheko kikamkauka. Dada yake, mjane wa mji wa mbali, humwandikia kila mwezi: njoo, tuzeeke pamoja. Na miaka mitano, kwa watu wa umri wao, si mchezo.

"Mtaishi wangapi?" Subira aliuliza, kalamu mkononi. "Fomu inataka."

"Andika mmoja."

Lakini lile neno, kifungua mlango, lilikuwa limeshamkaa moyoni, tamu kuliko hesabu. Akatia sahihi.

Siku ya ufunguo, fedha ziliingia asubuhi. Shekuwe alisimama mbele ya mlango uliokuwa bado unanuka vanishi, akabisha mara tatu, kama alivyobisha kwenye harusi za nduguze. Kisha akatoa noti moja, akaipenyeza chini ya mlango, akainama kusikiliza.