Uzi wa Macho

Siku hizo hakuna aliyesoma kwa siri. Kila nyumba ilisomea kwenye kioo cha ukutani, nacho kilifuata macho ya msomaji na kuyachorea uzi mwekundu juu ya maneno: hapa amesita, pale ameruka, hapa amerudi nyuma. Uzi ulibaki mpaka jua lizame, kila wa nyumbani auone.

Ndiyo maana Mwanahawa alikuwa amejizoeza tangu juzi kupitisha macho bila kukwama. Barua ya binti yao Siwema ilipofika, aliisoma mbele ya mumewe, Mbaraka, mikono ingali na unga wa chapati:

"Baba, simtaki huyo uliyenichagulia. Nimeondoka. Msinitafute."

Uzi wake ulinyooka kama mshono wa fundi. Akashusha pumzi.

Kisha Mbaraka akasoma. Uzi wake ulipofika kwenye "nimeondoka" ukarudi, ukarudi tena, ukajisokota kama uliochezewa na paka. Akasimama akizitazama zile nyuzi mbili.

"Mama Siwema," alisema taratibu, "mimi baba yake nimejikwaa. Wewe uliyemzaa umepita kama unasoma tangazo la kukatika maji. Ulijua."

"Wallahi, baba Siwema, mimi..."

"Usiape."

Hakupandisha sauti, wala hakumuuliza binti yuko wapi. Aligusa kioo tu, kikajaa majina ya miji, kutoka Tanga hadi Mtwara. Akamvutia kiti.

"Haya, mke wangu. Soma."