Mpakato

Juu ya kaunta ziliketi kompyuta mbili kama wachumba waliokuja kuposa: ya mezani, nene, yenye waya kila upande, na ya mpakato, nyembamba kama chapati ya bwenini. Ulimwengu mzima, yaani mume na muuzaji, ulimsubiri Mwajabu achague.

"Ya mezani," akasema upesi kutoka kitini.

"Hiyo mpaka tuhamishe kitanda!" akalalamika Kondo, mumewe.

Muuzaji, Bwana Pazi, akacheka. "Dada, chukua mpakato. Unakaa, unaipakata. Na wala haililii maziwa!"

Mwajabu akalishika tumbo lake la miezi minane. Mimba mbili zilikwisha kuharibika, na mama mkwe alimwonya: usipakate kitu kabla hujampakata mwana. Lakini mambo hayo utamweleza nani, kwenye duka lenye kiyoyozi?

"Jaribu tu," akasema Pazi, akamwekea mapajani kabla hajajibu.

Mwajabu akainua mikono juu kama aliyevamiwa na majambazi. Kile kitu kilikuwa na uvuguvugu. Kilivuma taratibu, kama kinachopumua. Tumboni hakuna kilichocheza.

"Kondo, kiondoe," akanong'ona.

"Subiri kidogo, mke wangu, ndiyo kwanza kinaamka."

Kioo kikawaka, kikauliza kwa herufi kubwa: JINA?

Wanaume wakamwinamia, wakingoja. Mwajabu akakitazama kile kistari chembamba kilichokuwa kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika, kwenye nafasi iliyo tupu.