Mlio wa Kombo

"Masikio ya mume wangu hulia akitumwa maji tu, daktari," alisema Mashavu. "Akiitiwa chakula, yanapona."

Kombo hakucheka wala hakukasirika. Alishazoea. Daktari wa masikio alimvisha hedifoni, akawa anazungusha kitufe polepole, akitafuta sauti inayofanana na ile iliyomo kichwani mwake.

"Hii?"

"Nyembamba zaidi."

"Na hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Daktari akamvua Kombo hedifoni, akamvisha Mashavu. Mashavu alitabasamu, akisubiri mlio ukome. Haukukoma.

"Hata ukilala, baba watoto?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Kombo akaitikia kwa kichwa.

Daktari alinyoosha mkono aichukue hedifoni. Mashavu aliikandamiza masikioni kwa viganja viwili, akimtazama mumewe.