Tofi za Mama Mkwe

Tazmin aliikoroga sufuria bila kupumzika mpaka maziwa, sukari na siagi vikashikana na kuwa na rangi ya kahawia. Akanyunyiza iliki, akamimina kwenye sinia. Nje ya gorofa yao ya Scarborough, kule Kanada, theluji ilikuwa ikianguka.

Daktari alikuwa amesema wazi: Dolat, mama mkwe wake, asiguse kitu kitamu. Kisukari kilikwisha kumharibu figo, na mwanawe, mume wa Tazmin, naye alikuwa ameanza kumeza vidonge vya ugonjwa huo huo.

"Karibu, Mama. Tofi kama za Mwanza," Tazmin akasema, akimwekea kisahani mapajani.

"Mama yangu alikuwa akitupikia kila Idi." Dolat alimtazama mkwewe kwa muda, kisha akatia moja mdomoni. "Mungu akulipe, mwanangu."

Tazmin akatabasamu. Mwaka uliotangulia simu iliingia kutoka Mwanza: mama yake mzazi amefariki. Hakuambiwa. Mumewe, Alykhan, alikuwa anafungua duka lake jipya na wageni walikwisha kualikwa. Alipokuja kupata habari, mama yake alikuwa kaburini tayari.

Siku ile alipouliza nani aliipokea simu, Dolat aliinamisha kichwa tu. "Simu niliipokea mimi," alisema. "Nisamehe."

Tazmin hakusamehe. Alijifunza kupika tofi.

Alizipika majira yote ya baridi, na Dolat hakukataa hata moja. Macho yakafifia, miguu ikavimba. Mwezi wa Machi akafia hospitalini, Tazmin amemshika mkono, na manesi wakasema hawajaona mkwe mwenye huruma kama yule.

Baada ya maziko, wageni walipotawanyika, Alykhan alikaa jikoni akilia.

"Nilimsihi aache zile tofi," akasema. "Akaniambia hana uso wa kukukatalia kitu."

"Kwa nini?"

Alykhan akafunika uso kwa mikono yake.

"Simu ya Mwanza niliipokea mimi, Tazmin. Niliogopa utaondoka sherehe iharibike. Mama akasema ukijua ni mimi utaniacha. Akasema, 'Bora anichukie mimi.'"

Tazmin alisimama pale pale, mkono juu ya meza.

Kisha akafungua kabati, akashusha pakiti ya sukari.

"Umeshinda na njaa, mume wangu," akasema kwa upole. "Ngoja nikupikie kitu kitamu."