Buti za Okhui

"Wapo!" alipiga kelele mkuu wa kituo, simu kutoka maabara ikiwa bado sikioni. Chupa ya maji tuliyochota mtoni ilikutwa na vinasaba vilivyoachwa majini na samaki wetu adimu, ambaye kwa miaka tisa hajaingia wavuni hata mara moja. "Okhui, mimina pombe ya makgeolli tunywe! Mto wenye samaki huyu hauzibwi; hilo bwawa lao wakalijenge kwingine!"

Okhui hakusogea. Alikuwa akitazama buti zake mlangoni. Visigino vilikuwa na ukoga mkavu wa tangi tunamofuga samaki wale wawili wa mwisho wa aina hiyo.

"Bosi, siku ile ya kuchota maji niliingia mtoni na buti za tangini."

Mkuu aliziba simu kwa kiganja. "Si uliziosha?"

"Niliziosha."

"Basi, mwanangu, umenitisha bure."

"Kwa maji ya tangi."