Mori wa Nahodha

Kabla ya kila mchezo, Nyamizi, nahodha wa netiboli, aliwapiga wenzake makofi ya mgongoni ili kuwapandisha mori. Walinzi waliingia uwanjani wakinguruma. Sikitu, mfungaji, aliingia vidole vikimtetemeka. Leo, kama angekosa tena, angeondolewa kikosini.

“Geuka, mdogo wangu.”

“Mimi usinipige, dada. Mori wako unaniharibia mkono.”

“Kofi tu linakutisha, majitu yale ya timu pinzani utayaweza?”

Wenzake wakacheka. Sikitu hakugeuka.

Timu zikiwa sare, mpira wa mwisho ukamfikia chini ya goli. Nyamizi akafumbua kinywa apige kelele, kisha akakifumba. Sikitu akashusha pumzi, akarusha. Mpira ukapanda, na uwanja wote ukanyamaza kama chumba alimolala mtoto mchanga.