Namba Tano

Gakii alivua jozi ya pili ya soksi akaiweka benchini. Kwao Meru kiatu kilinunuliwa kikubwa ili kidumu, na hata hapa Doha alicheza hoki ya barafuni msimu mzima miguu ikicheza ndani ya viatu vya namba saba.

"Nipe tano," alimwambia mnoaji wa timu, aliyetunza viatu na kunoa vyuma vyake. "Na ukinoa, mfereji wa chini ya chuma uingie ndani zaidi. Mimi ni mwepesi, makali hayang'ati barafu."

"Dada, vitakubana."

"Wacha vinibane."

Mnoaji alipokwisha, Gakii alipitisha ukucha kwenye makali. Unga mweupe wa ukucha ukabaki juu ya chuma: yalinoleka.

Uwanjani, beki aliyemwangusha kila wiki alimjia mbio. Gakii alikata kona ghafla. Akasikia mtu akianguka nyuma yake. Mbele alibaki kipa peke yake.